Kibuyu cha Shanga Nyekundu

Kabla hajasalimia mtu kwenye boma la wakwe, Chepngeno alitafuta choo kwa macho. Kilikuwa hapo tu, pua na mdomo na jikoni. Kwao Kipkelion choo hujengwa kule chini, karibu na ndizi. Hakujiuliza zaidi. Aliingia ndani akakaa kiti cha karibu na mlango.

Hakuwa na woga. Woga nao huchoka. Tangu utumbo wake uanze kuvimba na kuchubuka wenyewe, hata ukatoa damu, alijifunza kuishi kama mtu anayebeba maji kwa sinia: polepole, bila kugeuka. Siku ya safari hali kitu. Mkobani hakosi nguo ya ndani ya kubadilisha, na vidonge vyake, vile vinavyojaza uso, hukaa ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Daktari wa Kericho alimwambia ugonjwa huu hauponi, hutulizwa tu, na kila mgonjwa atajua mwenyewe kinachomwasha. Kwake yeye ni maziwa. Kikombe kimoja, na majuma mazima yanaliwa na kitanda na choo.

Kipkurui, mchumba wake, alijua ni alsa tu, vidonda vya tumbo. Ndivyo alivyomwambia.

Na leo alikuwa ameletwa kunywa maziwa. Mama mkwe akikupa mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, kwa mkono wake nawe ukakataa, umekataa nyumba. Hakuna atakayekugombeza. Utapewa chai, utasindikizwa hadi barabarani, na wazee hawatakuja kwenu kuposa. Basi.

Alipotoka chooni mara nyingine, alimsikia Janeffer, shangazi yake Kipkurui, mwanamke mwenye ulimi usiojua Jumapili.

"Mama Kipkurui, huyu msichana anajua choo chenu kuliko sitingirumu. Na vile uso umejaa! Huyo tayari ni wawili, nakuambia."

"Uso umejaa," akajibu Esnah, mama mwenye boma. "Lakini angalia mikono. Mikono imekonda."

Hakucheka aliposema hivyo. Tangu wageni wafike alikuwa akimtazama Chepngeno vile karani wa kituo cha kununulia chai hutazama majani kabla hajayapima. Alimwona akisukuma maharagwe kando ya sahani. Alimwona akitoka, akamwona akirudi.

"Wewe msichana. Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Nina mpangaji. Kodi halipi, na nikimpa chakula asichopenda, anachoma nyumba."

Tumbo, Chepngeno aliwaza. Hakulitamka. Kuna majibu yanayomfungua mtu kama kabati.

"Imenishinda, mama."

"Basi nipe mji."

"Chukua Mulot."

"Mulot! Vumbi lote hilo!" Janeffer akaangua kicheko.

"Nimeuchukua," Esnah akasema. "Jibu nitakupa nikirudi."

Kisha akainuka kwenda kwenye vibuyu. Vilikuwa viwili pale pembeni. Kile kikubwa alikitikisa, akamimina mursik nzito, ya kijivu kwa mkaa wa mti wa senetwet. Sifa zake zilijulikana hadi Kedowa. Wazee wa boma walikunywa wakafunga macho. Janeffer alikunywa akanyamaza, jambo ambalo si la kawaida.

Zamu ya Chepngeno ilipofika, Esnah alisimama kidogo. Akakirudisha kile kibuyu kikubwa mahali pake. Akachukua kile kidogo, chenye shanga nyekundu shingoni.

Macho yote yakamfuata.

"Hicho ni chake mwenyewe," Kipkurui akamnong'oneza. "Hata baba hajawahi kuonjeshwa."

"Wee! Ile ya kukaa miezi!" Janeffer akapiga makofi. "Leo tutajua kama ni mwanamke wa hii boma."

Chepngeno alipokea kikombe kwa mikono miwili. Juu ulielea mkaa, mweusi kabisa. Hakuomba, hakuhuzunika. Aliwaza mashuka tu, ni mangapi yaliyo safi. Kipkurui alikuwa akimtazama kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Chepngeno akafumba macho, akanywa mpaka chini.

Hakukuwa na ukali. Hakukuwa hata na harufu ya maziwa. Ulikuwa uji wa mchele, mwepesi, wa vuguvugu, uliotiwa mkaa ili ufanane.

Alipofumbua macho, Esnah alikuwa akijimiminia kikombe chake kutoka kibuyu kile kile. Alivuta kigoda, akaketi kando yake, hapo karibu na mlango, akaanza kunywa kidogo kidogo. Wengine walikuwa wamerudia vicheko vyao.

"Nimerudi kutoka Mulot," akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama. "Mpangaji wangu alihamia nikimnyonyesha Kipkurui. Wako je?"