Siku Tisa za Kusomea Kufeli

Fundi saa alikuwa na siku tisa za kusomea kufeli, na alikusudia kufeli vizuri.

Maneno ya Kiingereza ya mtihani aliyabandika kila mahali kwenye kibanda chake. Juu ya droo ya betri: affect na effect. Kwenye kioo cha dirisha: principal na principle. Stationary ya kusimama na stationery ya karatasi zilikaa pamoja juu ya redio, maana hizo zilimtesa kuliko zote. Mteja akileta saa ya ukutani iliyokwama, fundi aliipokea kwa mkono mmoja huku midomo ikimcheza kama mtu anayesali.

“Baba, si useme tu Kiingereza kimekushinda?” binti yake alimwuliza alipomletea chai. “Muhula wa pili huu. Kujitesa kwa nini na umri huo?”

“Kimenishinda wapi? Nakijua chote.”

“Sasa hofu ya nini?”

Fundi akanywa chai. Angemwambiaje mwanawe wa kumzaa kwamba anachohofia ni kufaulu?

Mambo yalikuwa hivi. Darasa la watu wazima la maneno magumu ya Kiingereza lilikutana mara tatu kwa wiki, saa kumi na moja jioni, katika chumba cha chini cha maktaba. Aliyefaulu mtihani wa mwisho wa muhula alipandishwa ghorofani, kwa mwalimu mwanamume aliyeweza kusinzia huku anafundisha. Aliyefeli alibaki chini kurudia. Na huko chini ndiko alikokuwa Mwalimu, mjane wa makamo mwenye miwani ya kamba, kicheko cha ghafla na mwandiko uliolala kidogo upande. Fundi, mgane wa mwaka wa sita, alikuwa amempenda. Alimpenda hasa, mpaka chakula kikamwishia utamu. Lakini ulimi wake ulikuwa mzito, na nje ya darasa lile hakuwa na sababu yoyote ya kuonana naye.

Muhula wa kwanza hakuhitaji ujanja. Alisoma kwa nia safi, akafanya mtihani kwa nia safi, akatoka kifua mbele. Kumbe wapi! Matokeo yalipobandikwa mlangoni alikuwa na ishirini na mbili kati ya hamsini. Karatasi zenyewe Mwalimu hakuzirudisha. Muuza mapazia, aliyekaa naye dawati moja na ambaye siku ile shingo ilimrefuka ghafla kuelekea kwa jirani, alipata arobaini na sita akapanda ghorofani. Fundi alimpa mkono wa pongezi, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Safari hii hatari ilikuwa kubwa. Baada ya mihula miwili ya kumtazama Mwalimu bila kupepesa, maneno yalikuwa yamemwingia yote, na jibu sahihi ukishalizoea, mkono hulikimbilia wenyewe. Ilibidi alijue bila shaka hata chembe ili aweze kulikwepa. Usingizi wa mchana akauacha. Binti yake alimkuta akijiuliza maswali, akijijibu makosa, kisha akijipongeza, akaenda kumwuliza jirani yao muuguzi kama hizo zaweza kuwa dalili za kitu.

Siku ya mtihani ikafika. Maswali hamsini, kila moja na maneno mawili, uchague moja. Fundi alikuwa amepanga kukosa thelathini hivi, yangetosha. Lakini alipofika swali la nne woga ukamwingia: je, Mwalimu akimhurumia, akamwongezea alama mbili tatu? Isitoshe, yeye hakuwa mtu wa kazi nusunusu. Hajawahi kumrudishia mteja saa iliyopona upande mmoja. Akajikaza kisabuni, akakosa yote.

Kesho yake Mwalimu alimwita peke yake. Viti vilikuwa vimepandishwa juu ya meza ili chumba kifagiliwe. Akakishusha kimoja.

“Keti, Fundi. Umepata sifuri.”

“Ah! Kichwa changu hiki, Mwalimu. Hakishiki kitu. Itabidi nirudie tu, sina la kufanya.”

“Mtoto mdogo akifumba macho akaweka vema popote, anapata ishirini na kitu. Mtu wa kukosa yote hamsini lazima awe anayajua yote hamsini.” Akamsogezea karatasi. “Au umeniona mimi ndiye mtoto?”

Fundi alifungua mdomo atunge uongo, uongo ukamkimbia. Aliona jioni zake zote za kukaa mbele ya mwanamke huyu zikienda na maji, na akaumia kweli.

“Nilifanya makusudi,” alisema akiitazama sakafu. “Wewe ukiwa huku chini, mimi ghorofani naenda kumfuata nani? Haya, umeshajua. Nifukuze ukitaka, lakini tafadhali usinicheke.”

Mwalimu hakucheka. Aliinuka, akachungulia koridoni kama kuna mtu, akaufunga mlango, akarudi kuketi karibu zaidi ya pale alipokuwa.

“Muhula uliopita,” alinong'ona, “ulipata arobaini na nane. Ile ishirini na mbili niliiandika mimi.”