Salamu za Mzee Luhende

"Anza upya," Mzee Luhende alisema kwa Kisukuma. "Unatafsiri."

Tekla alikuwa amepiga magoti mbele ya baba mkwe wake tangu saa mbili asubuhi, na salamu zenyewe zilikuwa hazijaisha. Gari lenye jeneza la mumewe, Budeba, lilishapita Makambako. Gogo lilimwangukia juzi huko Mafinga, na baba yake mzazi bado hajui! Ukoo ule haupeleki msiba kwa simu. Hutumwa mtu, tena yule aliyemwona marehemu mwisho. Na aliyemwona mwisho ni yeye, Mhehe wa Kihesa. Halafu mzee, kama Usangu nzima ilivyojua, hakuwa na Kiswahili hata cha kuombea maji.

Basi Tekla akawa anapanga sentensi kwa Kiswahili, kisha anazigeuza neno kwa neno. Zilitoka zimepinda. Mzee akatikisa kichwa.

"Bado. Uliza kwanza ng'ombe."

Jamani! Mtu roho inamuuma hivi, bado aulizie ng'ombe? Lakini aliuliza. Akauliza na mvua, na majirani wote. Simu ikatetemeka kiunoni mwake. Shemeji yake aliandika kwamba wamefika Igawa. Ilibaki nusu saa, na mzee hakupaswa kukutana na jeneza bila kuambiwa.

Budeba alizoea kumcheka kila alipokwama. "Mke wangu, achana na Kiswahili. Mwangalie mtu, sema unachokiona."

Tekla akainua macho. Akaiona pua ile ile ya Budeba, na kidevu kile kile, na Kiswahili chote kikamtoka kichwani. Maneno yakaja yenyewe kwa Kisukuma, mbio, pamoja na machozi. Kwamba gogo liliteleza. Kwamba Budeba alimshika mkono hospitalini, akamwita baba yake mara mbili, akanyamaza. "Amekufa, baba. Budeba wetu amekufa."

Safari hii mzee hakumwambia aanze upya. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Jana mchuuzi wa ng'ombe alipita hapa akanipa pole ya Budeba kwa Kiswahili," alisema mwishowe, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Nikasema ngoja nisikie kwa Kisukuma, mwanangu. Labda huko bado yupo."