Jicho la Pili la Haftom

Wachoraji wa kale waliopamba kanisa lililochongwa kwenye jabali, juu ya kijiji, waliwachora wema wakiwa na macho mawili, na waovu kwa upande, wenye jicho moja tu. Siku hizi mtambo huwachora humo wanakijiji kwa kanuni hiyohiyo, na aliyechorwa kwa upande akimtazama mtu uso kwa uso, hata nyumbani kwake, huchukuliwa na harudi.

Haftom alichorwa kwa upande kabla bintiye Mizan hajazaliwa. Mchana huo walikuwa wakila injera kwenye sinia moja, yeye ameelekea ukutani kama kawaida.

"Baba, jana nilikuona kanisani," Mizan alisema. "Una pua kama kunguru."

"Nimeirithi kwa bibi yako. Mlaumu yeye."

Mtoto akacheka, na Haftom akatamani bintiye amwone uso mzima japo mara moja. Akageuka.

"Haftom, usifanye hivyo," mkewe Lemlem alinong'ona.

Mizan akamkazia macho. Kisha akanyoosha mkono wenye mchuzi, akamfunika baba yake jicho la kushoto.

"Hapo sasa ndiwe baba," akasema.