Alichosema Keziah

"Kama umekuja kunilaani, ingia kwanza," mzee alisema mlangoni. "Mtu halaani vizuri meno yakigongana."

Tamar Kershaw akaingia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na mzee yule alikuwa baba yake mzazi. Hawakuwa wameonana tangu alipokuwa mtoto mdogo.

Nyumba ilikuwa ya mawe, juu kabisa ya bonde moja la Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, upepo ukilia ndani ya dohani. Kando ya moto palikuwa na viti viwili. Kimoja kilitandikwa shali ya kike iliyopauka, na mzee Enoch hakumkaribisha hapo. Alimvutia kigoda.

"Sikuja kukulaani," Tamar alisema. "Nimekuja kukuomba radhi."

Mzee alisogeza kuni motoni.

Keziah, mama yake Tamar, alifia ndani ya chumba hiki hiki. Aliyekuwa kando ya kitanda ni Lavinia, mke wa mjomba, mtu wa Kent huko kusini, aliyekuja kumuuguza. Aliyasikia maneno ya mwisho ya mgonjwa: "He starved me." Mwanamume yule kaniua kwa njaa. Lavinia hakuuliza mara mbili. Alimchukua mtoto akaenda naye kwao, akamlea kwa maneno hayo. Tamar hakuwahi kubakiza chakula kwenye sahani. Kila aliposhika kijiko alimsikia mama yake akinong'ona nyuma ya bega lake, na alijua ni nani wa kumchukia.

Ukubwani aliajiriwa Oxford, kwenye kazi ya kutunga kamusi kubwa, kufuatilia kila neno lilikotokea. Majira haya ya baridi wakafika kwenye neno "starve".

"Zamani lilikuwa na maana ya kufa tu," alimweleza baba yake. "Kufa kwa lolote. Baadaye watu wa kusini wakalibakiza kwenye njaa. Lakini huku kwenu..."

"Huku kwetu ni kufa kwa baridi," mzee akamalizia. "Nani asiyejua? Kamuulize mchunga kondoo yeyote."

"Mimi sikujua, Baba." Neno hilo la mwisho lilimtoka kwa shida. "Hukumnyima chakula. Mama aliuawa na baridi. Nimekuchukia bure maisha yangu yote."

Enoch alimimina chai, nyingine ikamwagikia mezani.

"Basi, yameisha," alisema. "Kunywa, upate joto."

Na yangeisha kweli. Lakini Tamar alizoea kutoliacha neno mpaka amelimaliza.

"Baridi ilimpataje mtu aliye kitandani?"

"Alitoka nje. Ana homa, miguu mitupu, na theluji inafika magotini. Mimi nilikuwa kiwandani, na Lavinia hakuwa amefika bado."

"Alitoka kufuata nini?"

"Kunywa chai, itapoa."

Upepo ulishuka kwenye dohani, na pindo la shali likatikisika. Tamar alihisi ule mnong'ono ukirudi nyuma ya bega lake.

"Baba, ulimfukuza?"

"Ukitaka iwe nilimfukuza, basi nilimfukuza. Nimeshazoea."

"Hilo si jibu! Alisema 'he'. Nyumba hii ilikuwa na mwanamume mmoja tu!"

"Hakusema 'he'!" Mzee aliipiga meza kwa ngumi. "Yule Lavinia na masikio yake ya Kent! Nilikuwa mlangoni, nikasikia. Keziah alisema 'hoo'..."

Akaziba mdomo kwa kiganja.

Tamar alilijua neno hilo. Lilikuwa kongwe kuliko makanisa yote ya bonde lile. Kusini lilishakufa siku nyingi, ila huku juu wazee bado walikuwa wakilitumia. Nalo halikuwa na maana nyingine: yeye, wa kike.

"Mwanamke gani?" aliuliza. "Humu ndani mlikuwa wewe, na Mama, na..."

Hakumaliza.

Enoch alishuka kitini, akapiga magoti mbele ya kigoda. Akaanza kumvua viatu vilivyolowa theluji, kimoja baada ya kingine, akamsugua vidole vya miguu kati ya viganja vyake.

"Ulikuwa na miaka mitatu," alisema bila kuinua uso. "Ulitoka nje kumfuata paka tu, mwanangu."