Njoo Oktoba, Kaka

Simu ilipolia, Anselmo alikuwa akiupaka mafuta ufunguo wa nyumba ya wazazi wake, dude la chuma refu kama mwiko. Aliuacha mezani akaiwahi simu kabla binti yake Graça hajaifikia.

"Kaka Belmiro! Umeamua?"

Kule Kanada, Belmiro alicheka. Alikuwa na miaka sabini na sita, na kwa miaka arobaini hakuwa amekanyaga Ureno. Sasa moyo wake ulikuwa mbovu, na daktari alimruhusu safari moja tu. Moja, basi.

"Wanangu wamesoma vitabu vya watalii. Wanasema Mei ndiyo yenyewe. Maua, jua la wastani, milima ya kijani."

"Mei? Thubutu! Njoo mwisho wa Oktoba."

"Oktoba kuna nini?"

"Kuna divai mpya. Kuna... hewa nzuri." Anselmo hakujaliwa kipaji cha uongo.

"Hewa! Unataka mifupa yangu igande? Sikiliza, mdogo wangu. Mimi nataka kukaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu, pale Mama alipokuwa akimenyea viazi. Nikae mara moja tu, hata nikifa kesho sawa. Ile alama ya shoka langu hapo kizingitini bado ipo?"

"Ipo," alisema Anselmo. Na hapo hakudanganya. Oktoba iliyopita alitia kidole chake ndani ya alama ile.

Graça alisubiri simu ikatwe. "Baba, si umwambie tu? Ajue paa halipo, yaishe."

"Nilimwapia bibi yako. Alisema Belmiro asiambiwe neno mpaka afike mwenyewe mlangoni. Alisema mtu wa ugenini haishi bila pa kurudi."

"Bibi amekufa, Baba."

"Kiapo hakijafa."

Wiki iliyofuata alijaribu tena. Alisema Mei kuna nzi, kuna mafua yanayoletwa na vumbi la maua, barabara inachimbwa. Belmiro alimwacha amalize.

"Tiketi imeshakatwa. Tarehe kumi na mbili Mei."

Anselmo alikaa kitako na simu mkononi. Alibaki na tumaini moja tu: ukame.

Lakini mwaka ule mvua ilinyesha utadhani mbingu zimetoboka. Kila asubuhi alisimama dirishani akisonya. "Nyesha tu! Nyesha!"

"We Anselmo, umerogwa?" wakulima walimtania mgahawani. "Mvua ni neema, wewe umenuna kama mfiwa!"

 Anselmo aliacha mkate na supu yake vikapoa, akaenda nyumbani kulala.

Belmiro alifika amekonda, kofia mpya kichwani, fimbo mkononi. Ndugu wawili walikumbatiana wakalia bila aibu. Kesho yake Graça aliwapeleka kijijini kwa gari.

"Ufunguo unao?" aliuliza Belmiro.

Anselmo akampa. Kaka yake aliushika kwa mikono miwili njia nzima, akichungulia milima iliyojaa maua ya manjano. "Unaona mambo haya? Na wewe ulitaka nije Oktoba, mjinga we!"

"Mjinga, kweli," alisema Anselmo. Kila kona alitafuta pa kuanzia, na kila kona ilipita. Alihisi anaweza kulia tena.

Kwenye kona ya mwisho Graça alisimamisha gari akabaki ndani, macho kwenye usukani. Belmiro alishuka, akavua kofia.

"Njia ya mawe! Bado ipo!"

"Ipo, kaka. Nishike mkono."

Walishuka polepole kati ya kuta za mawe, Belmiro akitaja kila shamba kwa jina la mwenyewe. Mara akasimama. Njia ilikuwa bado inateremka, lakini ncha za viatu vyao zilikuwa zimelowa.

"Anselmo, nyumba iko wapi?"

Anselmo alinyoosha kidole katikati ya bwawa la umeme, mahali ambapo watalii wawili walikuwa wamelala ndani ya mashua wakiota jua.

"Pale chini yao," alisema. "Oktoba maji hupungua, kaka. Ungekaa kizingitini."