Mkono wa Fundi Saa

Mkono wa fundi saa uliinuka kabla Mama Cherehani hajavua viatu mlangoni. Ulipanda taratibu kutoka kwenye shuka, kiganja wazi, vidole vimetanuka, ukabaki hewani ukitetemeka.

"Haya ndiyo mapokezi!" Mama Cherehani alisema akicheka. Akaweka beseni chini, akagonganisha kiganja chake na cha mgonjwa, polepole, kama watu wanaopongezana. "Nimekuja, baba. Sijakusahau."

Ilikuwa wiki yake ya kwanza ya kujitolea. Uvimbe wa kichwani ulikuwa umemnyang'anya fundi saa maneno yote, ya kusema na ya kuandika. Binti yake, mwalimu wa chekechea, alishinda kazini. Hata siku muuguzi alipokuja kumpokea mgonjwa kwenye huduma ya nyumbani, jirani ndiye aliyefungua mlango. Muuguzi huyo alikuwa mmoja kwa mitaa saba. Alipita kwa kila mgonjwa mara moja kwa mwezi, na siku nyingine alitegemea macho ya watu wa kujitolea na madaftari yao.

Kwa hiyo Mama Cherehani alifunga cherehani yake kila asubuhi, akaja kumwogesha, kumgeuza ubavu, kumpa dawa ya maumivu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha kujaza daftari.

Hakuna aliyemlazimisha. Mumewe alikufa wodini mwaka uliopita, akiumia mpaka mwisho, uso ameugeuzia ukutani. Siku tatu hakumtazama mkewe hata mara moja. Alipojiandikisha kwenye kikundi cha kujitolea, Mama Cherehani alisema, "Nataka mtu mmoja tu aondoke kwa amani, nami nikiwepo."

Mafunzo yalikuwa ya siku mbili. Ya pili hakwenda. Siku hiyo kaburi la mumewe lilikuwa linajengewa, na mafundi wasiposimamiwa, saruji huota miguu.

"Kuuguza nimejifunza kwa marehemu," alimwambia mwenyekiti wa kikundi. "Hilo halina siku ya pili."

Kwenye daftari aliandika: *Maumivu: hapana. Leo kanisalimia kwa mkono.* Ijumaa akaupiga picha ukurasa, akamtumia muuguzi. Jibu lilikuja upesi: *Safi sana, mama. Dawa ibaki kipimo kile kile.*

"Hata mimi jioni ananipungia," binti alimwambia Jumamosi, wakikamua mashuka uani. "Baba huyu! Miaka yote alikuwa akiniaga kwa kukohoa tu. Umempa nini, mama?"

"Sabuni na maneno matamu. Nyie mnaingia na simu sikioni, mnatoka na simu sikioni."

"Basi, nimekoma."

"Anashukuru, mwanangu. Mtu akijua anapendwa, hata ugonjwa humwonea haya."

Wiki ya pili mkono uliinuka mara nyingi zaidi. Uliinuka akigeuzwa, akisuguliwa mgongo, hata Mama Cherehani akiwa amekaa kimya anapiga pindo. Kila mara aliacha sindano, akaenda kugonga kiganja. Siku moja mkono ulikataa kushuka. Jasho lilimtoka mzee, meno ameyauma, mdomo umevutika upande mmoja.

"Ona anavyotabasamu," Mama Cherehani alisema peke yake. Akavikunja vile vidole, kimoja kimoja, vidole vilivyozoea skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Akaifunika ngumi chini ya shuka. "Pumzika, baba. Nimeshaelewa."

Mkono ukatoka tena. Vidole vikafunguka.

Machozi yalimtiririka mzee mpaka masikioni. Mama Cherehani naye akalia. Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akamwimbia mpaka saa sita.

Jumapili ya wiki ya tatu uliinuka wa kulia. Kisha ule wa kushoto, uliokuwa mzito kama gogo, nao ukaachana na shuka.

"Njoo! Njoo uone!" Mama Cherehani alimwita binti kutoka jikoni. "Anatuaga kwa yote miwili!"

Wakasimama miguuni pa kitanda, bega kwa bega, wakampungia nao kwa mikono miwili. Fundi saa hakuugeukia ukuta. Aliwatazama wao, macho yamemtoka, mpaka alipokata roho saa kumi jioni.

Mama Cherehani akaandika ukurasa wa mwisho: *Maumivu: hapana. Ameondoka kwa amani.*

Mwezi uliofuata kikundi kilipokea watu wapya ishirini. Siku ya pili ya mafunzo yao, mwenyekiti alimwita Mama Cherehani mbele atoe ushuhuda. Alisimulia mpaka ile mikono miwili. Wapo waliofuta machozi. Muuguzi aliingia amechelewa, makofi bado yanapigwa, akamkumbatia.

"Usikae kwanza, mama, wakuone vizuri. Huyu ndiye aliyemuuguza fundi saa wangu. Wiki tatu, hakuumwa hata siku moja!"

Makofi tena.

"Sasa tujifunze jinsi ya kuyajua maumivu. Mgonjwa asiyeweza kusema ninamfundisha mimi mwenyewe, siku ninapompokea. Yule mzee alishika kwa dakika mbili tu. Ngumi: siumwi. Kidole kimoja: naumwa kidogo. Yakizidi, anaongeza kidole. Na yakiwa hayavumiliki kabisa? Haya, wote, nionyesheni."

Mikono ishirini ikainuka, viganja wazi, ikimwelekea Mama Cherehani. Mmoja wa benchi la nyuma, mcheshi, akainua yote miwili.