Muziki wa Mto

Gauni la bibi harusi lilitakiwa saa kumi jioni, na Salme alikuwa amekwisha kuvunja sindano ya tatu. Cherehani haikuwa na kosa. Kwa miaka mingi mguu wake ulifuata muziki wa gemu uliopenya ukuta wa mabati kutoka kibanda cha gemu cha jirani yake Ngwali, na leo Ngwali alikuwa na fainali ya mbio za magari.

Akaenda kusimama mlangoni.

"Ngwali, muziki wa magari unanikimbiza. Ngoma nyingi, hauna pumzi. Ule wa gemu ya mto ndio muziki."

"Wa mto unaleta usingizi, Bi Salme," mchezaji mmoja alisema. "Huu unaamsha hata maiti."

"Maiti hashoni."

Wakacheka. Ngwali hakucheka, kwani kanzu zake zote zilishonwa na mguu wa Salme. Akazima magari, akawasha gemu ya mto. Muziki wake ulidumu tu pale mtu wa kwenye kioo aliposimama ukingoni. Akipiga hatua moja, unabadilika. Basi Ngwali akaketi na padi ya kuchezea mkononi, asibonyeze kitu.

Upande wa pili wa mabati, mshono ukanyooka.

Saa kumi kasoro robo Salme alipita na gauni mkononi.

"Ahsante, kaka. Mungu akulipe."

Kibanda kilikuwa kitupu, hakuna mteja. Sindano tatu, fainali moja, wachezaji wanane walioondoka wakinung'unika. Na Ngwali, kwa saa tatu nzima, kidole gumba juu ya kitufe, bado hajakibonyeza.